Simiti Ilikuwa Haijashika

Jumanne. Tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na saba. Saa nne na robo asubuhi.

Wasikilizaji wapendwa, ishikeni siku hiyo, maana tutairudia. Jumanne, tarehe kumi na nne. Saa hiyo wapasua mawe wa machimboni, upande wa kuelekea Komarock, walikuwa wameketi kunywa chai. Wakasikia chuma kikilia. Tangi la maji la zamani, lile lililosimama juu ya miguu minne tangu enzi za mkoloni, lilivunjika mguu mmoja. Likainama kama mlevi anayetafuta ukuta. Likaanguka. Chini yake alikuwapo mtu mmoja, mwanamke, na mikononi alishika kamera isiyokuwa yake.

Mwanamke huyo aliitwa Khalayi. Mama Nekesa. Mkaazi wa Dandora, mchoma mandazi, mke wa Wakoli. Jioni hii tunamkumbuka yeye. Na kama kuna mkubwa mahali anasikiliza na anataka kuizima maikrofoni hii, aizime sasa, kwa sababu nikishaanza sitasimama. Na mimi nilizika mke. Najua kitanda kinavyokuwa kipana.

Tuanze na Khalayi mwenyewe.

Alizaliwa upande wa Bungoma, akaja Nairobi akiwa bibi arusi wa Wakoli, mwaka wa sabini na sita. Wakoli alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha sabuni. Shule aliiacha darasa la tatu. Husoma polepole, kidole kikifuata mstari, na mahali pa kutia sahihi huweka kidole gumba. Khalayi alisoma kumpita kidogo. Akachoma mandazi alfajiri, akayauza barabarani, na ikifika saa tatu asubuhi karai lilikuwa tupu.

Halafu akaingiwa na ugonjwa wa picha.

Hakupiga picha za watu. Watu alisema wanajipendekeza. Khalayi alipiga picha za korongo wale wakubwa wa jalala la Dandora, wamesimama juu ya takataka kama mawakili mahakamani. Alipiga picha ya kinu cha kusaga mahindi kilichokufa, kuku ametaga ndani yake. Alipiga picha ya magugu yaliyoota kwenye bomba la maji taka na yakatoa maua ya manjano. Cherehani bila sindano. Lori lisilo na magurudumu. Kitu ambacho kila mtu amekipita, yeye alikisimamia.

Wakoli humwiga mpaka leo. "Nilikuwa namwuliza, Mama Nekesa, hiyo takataka unaipiga picha ya nini? Ananiambia, Baba Nekesa, napiga picha mashine kuukuu. Ngojea zamu yako."

Zamu yake haikufika. Katika picha zote za Khalayi, hakuna hata moja ya mumewe.

Sasa sikilizeni alivyozipata picha hizo, kwa maana hapo ndipo kisa kilipo. Khalayi hakuwa na kamera. Hakuwahi kuwa na kamera. Pale mtaani kulikuwa na mpiga picha aitwaye Mbuthia, mtu wa harusi, ubatizo na mazishi. Filamu moja hutoa picha thelathini na sita. Harusi ikiisha, mara nyingi hubaki tatu, nne, tano mwishoni. Mbuthia hawezi kuipeleka filamu kuoshwa mjini na nafasi tupu ndani, na hawezi kungoja harusi nyingine, kwa sababu bibi arusi anamsumbua mlangoni. Basi Khalayi alikuja na mandazi ya moto kwenye gazeti, Mbuthia akampa kamera kwa asubuhi moja. Ile akiba ya mwisho wa filamu wao wawili waliiita mkia.

"Mbuthia, leo mkia una ngapi?"

"Nne, mama. Usinimalizie betri na ndege zako."

"Ndege hawa hawakukopi kama watu wako wa harusi."

Lakini kamera ni mali. Kwa hivyo kila mara Khalayi aliacha kitambulisho chake kwenye droo ya Mbuthia. Akirudisha kamera, anarudishiwa kitambulisho. Miaka sita walifanya hivyo. Hakuna aliyemlaghai mwenzake hata siku moja. Nalirudia hili, wasikilizaji wapendwa: miaka sita, aliacha kitu chake kwa mtu, akarudishiwa.

Jumamosi tarehe kumi na moja, Mbuthia alipiga harusi ya msichana aitwaye Wakiuru, huko Donholm. Ikala picha thelathini na mbili. Mkia ukabaki wa picha nne. Jumanne asubuhi Khalayi akaleta mandazi, akaacha kitambulisho, akachukua kamera. Akaenda machimboni kwa miguu, pole pole kwa sababu ya goti lake bovu. Alitaka pampu ya zamani ya dizeli iliyo chini ya tangi, yenye gurudumu zito kama la treni. Alitaka pia jurawa waliotengeneza kiota kwenye tundu la kutu, kwenye mguu wa tangi. Maskini, alikuwa akiupiga picha ugonjwa wenyewe wa tangi, yeye akiona ndege tu.

Jumanne saa nne na robo tangi likaanguka.

Jioni ile Mbuthia akafika kwa Wakoli amefura.

"Mzee, mama ameenda na kamera yangu. Bibi arusi ananimaliza. Yuko wapi?"

Wakoli alikuwa ametoka kazini, hajavua viatu. Akasema, "Nilidhani yuko kwako."

Wakatazamana. Mbuthia hasira ikamtoka usoni. Alikuwa ameshika kitambulisho cha Khalayi mkononi.

Siku mbili walimtafuta. Kituo cha polisi, hospitali, tena kituo cha polisi. Kule machimboni hakuna aliyemjua, si mtaa wake. Na mfukoni hakuwa na kitambulisho, kwa sababu kitambulisho kilikuwa kwenye droo Dandora. Siku mbili Khalayi alilala kwenye chumba cha maiti na kikaratasi kidoleni: mwanamke, umri wa makamo, hajulikani. Alhamisi saa nane mchana karani akachukua kitambulisho kutoka mkononi mwa Mbuthia, akaitazama picha, akautazama uso, akasema, "Ndiye." Mwanamke aliyepiga picha kila kitu, na picha iliyomtambulisha ilikuwa ile ndogo ya serikali, amekunja uso kama anadaiwa.

Ijumaa, tarehe kumi na saba, Wakoli akataka kupaona. Akaenda peke yake. Tangi lilikuwa limelala ubavu. Kiota cha jurawa kilikuwa kimeminywa kwenye matope. Kuzunguka mahali hapo kulikuwa na nguzo mpya za simiti na watu wawili wakivuta seng'enge. Kibao kimeegemezwa kwenye tangi, rangi nyekundu: HATARI. USIINGIE.

Wakoli hakuelewa lolote. Mtu aliyefiwa macho yake huona bila kusoma. Akaishika nguzo ya mwisho asianguke.

Fundi akampigia kelele. "Mzee! Usiguse hapo, simiti haijashika!"

Kijana aliyekuwa akivuta waya akaongeza, "Buda, si uende ukalilie kwenu?"

Wakoli akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali. Akaenda kwao kulia, kama alivyoagizwa.

Akamzika Khalayi nyumbani Bungoma, akarudi Nairobi. Mwezi wa kumi na mbili barua ikaja. Ilikuwa na mhuri wa ofisi fulani ya mjini, ile iliyolisimamia tangi, na jina lake sitalitaja, wenyewe wanajijua. Nekesa, binti yao wa pekee, wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne. Akamsomea babake. Barua ilisema mambo mawili. La kwanza, tangi liliangushwa na mvua kubwa. Mvua, wasikilizaji wapendwa! Mvua ndiyo iliyokula ule mguu kwa miaka thelathini? Mwezi wa saba mwaka uohuo mkubwa mmoja alipita kutembelea machimbo. Kabla hajaja walituma watu wakapaka tangi rangi ya fedha, kutu na yote. Rangi walikuwa nayo. Chuma cha kushikiza mguu hawakuwa nacho.

La pili ndilo lililomchoma Wakoli. Barua ilisema: marehemu aliruka ua wa seng'enge uliowekwa kwa usalama wa umma, akapuuza kibao cha onyo, akaingia mahali palipokatazwa.

"Soma tena," Wakoli akasema.

Nekesa akasoma tena.

"Akaruka?"

"Ndivyo wameandika, Baba."

"Mama yako? Na goti lile? Mama yako alishindwa kuruka mtaro wa choo, nilikuwa namshika mkono!"

Nekesa anasema hiyo ndiyo siku aliyomwona babake akicheka na kulia pamoja, na hakujua amshike vipi.

Basi hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo Wakoli alipoweka nadhiri. Hakudai fidia. Alitaka neno moja liondolewe kwenye karatasi: aliruka. Hakutaka mkewe akae katika faili la serikali kama mwizi wa usiku, hali alisimama mchana peupe mahali pasipokuwa na ua.

Na ushahidi ulikuwapo. Hospitali walimpa Wakoli mfuko wa karatasi: leso, viatu, na kamera iliyopasuka. Mbuthia aliifungua ile kamera chini ya blanketi mbili, gizani, ili kuiokoa harusi ya Wakiuru. Filamu ikapona. Harusi yote ikatoka. Na baada ya harusi zikatoka picha tatu za Khalayi. Ya thelathini na tatu: gurudumu la pampu. Ya thelathini na nne: jurawa na majani mdomoni. Ya thelathini na tano: tangi lote, kutoka juu hadi chini, na pembeni nyasi, na nyasi, na nyasi. Hakuna nguzo. Hakuna seng'enge. Hakuna kibao. Ya thelathini na sita haikupigwa.

Wakoli akaifunga picha ya tangi kwenye gazeti, akaenda ofisini. Mlangoni ukiingia unaacha kitambulisho kwa askari, ukitoka unarudishiwa. Akaacha. Akapanda ngorofa ya tatu. Afisa akaiangalia picha kama mtu anayeangalia chakula kilicholala.

"Hii ni ya lini, mzee?"

"Ya siku ile. Jumanne."

"Nani anasema ni ya Jumanne?"

"Mke wangu ndiye aliyepiga."

"Aje athibitishe."

Wakoli akaifunga tena picha kwenye gazeti. Afisa naye akakumbuka amesema nini, akakohoa. Lakini hakuomba radhi. Alisema tu kwamba picha ya karatasi inaweza kuwa ya mwaka wowote.

Mbuthia ndiye aliyemfumbua macho. "Mzee, karatasi haina tarehe, lakini mkanda unayo." Akamweleza. Ule mkanda wa plastiki wa kahawia, ambao picha huchapwa kutoka kwake, una namba. Katika kipande kimoja kisichokatwa kuna Wakiuru akikata keki, namba thelathini na mbili, na papo hapo pampu, ndege na tangi. Harusi imeandikwa katika kitabu cha kanisa, Jumamosi tarehe kumi na moja. Jumanne tarehe kumi na nne tangi halipo tena. Sasa hiyo picha ipigwe lini, kama si kati ya siku hizo? Hata mtoto wa chekechea anaihesabu hiyo.

Tatizo ni kwamba mkanda ni wa mwenye harusi. Ndiyo desturi: unapewa picha zako na mkanda wako kwenye bahasha. Wakoli akaenda Donholm.

Wakiuru alimfungulia mlango akiwa na mimba ya miezi minne. Aliposikia jina la Khalayi akatazama nyuma, akatoka nje, akaufunga mlango.

"Mzee wangu, pole. Mama mkwe aliona zile picha za tangi zimefuatana na keki yangu. Akasema ni mkosi. Akasema niuchome mkanda."

Wakoli akauliza, "Ukauchoma?"

"Nilichoma gazeti, akanusa moshi, akatosheka." Wakiuru akaingia, akarudi na bahasha nyeupe ya unga. "Ulikuwa kwenye debe la unga. Nilisema huyo mama hakunikosea. Yeye ndiye mgeni wa mwisho wa harusi yangu."

Wasikilizaji wapendwa, msichana yule hakuwa na cheo. Wenye vyeo wangemwiga kidogo tu, mimi jioni hii ningekuwa nawachezea rumba.

Mbuthia alimwonya Wakoli. "Mzee, usiuache mkononi mwa mtu. Hata akiwa malaika. Mwonyeshe, urudi nao."

Lakini Wakoli ni mtu wa mtaani. Mtu wa mtaani maisha yake yote huacha kitu. Huacha kitambulisho langoni, huacha jembe kwa jirani, huacha kamera, huacha vitu kwenye droo ya mtu. Na hurudishiwa. Afisa akaunyanyua mkanda kwenye mwanga wa dirisha. Akazifuata namba moja moja kwa kidole. Akasema, "Mzee, hii ni kazi nzuri. Niachie niipeleke juu. Rudi wiki ijayo." Wakoli akauliza kama kuna karatasi ya kutia kidole. Afisa akatabasamu. "Kati yangu na wewe, mzee?"

Wakoli akashuka. Langoni askari akampa kitambulisho chake. Akaona mambo yako sawa: ameacha kitu, amerudishiwa kitu.

Wiki iliyofuata afisa alikuwa safarini. Iliyofuata alikuwa mkutanoni. Mwezi wa tatu alikuwa amehamishwa. Aliyekaa kitini pake akafungua faili mbele ya Wakoli, akaligeuza, akalitikisa. Barua ilikuwamo. Bahasha ya unga haikuwamo. "Hatukupokea kitu kama hicho," akasema. Wapasua mawe nao waliulizwa kama ua ulikuwapo Jumanne. Wakaangalia viatu vyao. Mtu wa kibarua ana macho, lakini mdomo ni wa aliyemwajiri. Siwalaumu. Namlaumu aliyewaajiri.

Wakoli alirudi nyumbani, akamwambia Nekesa, "Mama yako aliwaamini watu wadogo, hakuna aliyemwibia. Mimi nimemwamini mkubwa siku moja tu."

Nekesa akamwambia, "Baba, usijitie hatiani. Hiyo ndiyo wanayotaka."

Miaka miwili ikapita hivyo. Picha ya karatasi imebaki, ameipigilia ukutani juu ya karai la mandazi. Neno aliruka limebaki kwenye faili. Wakoli alikwisha kukata tamaa. Aliniambia hivyo mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeweka mzigo chini kwa kushindwa.

Mpaka juzijuzi.

Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na nne, ilitimia miaka miwili. Wakoli na Nekesa walikwenda machimboni na maua ya manjano, yale ya magugu, aliyoyapenda. Tangi lilikwisha kuuzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu. Ua bado upo. Seng'enge imelegea, kibao kimefifia. Nekesa akatafuta pa kufunga maua, akachagua nguzo ya mwisho. Akainama. Akasema, "Baba, njoo uone."

Kwenye simiti, kimo cha kiuno cha mtu, kulikuwa na alama za vidole vinne upande mmoja, na upande wa pili kidole gumba. Kimezama vizuri. Mistari yote inaonekana.

Wakoli akauangalia mkono wake. Kidole gumba chake kina kovu lililokingama katikati. Kiwandani mashine ilimkata mwaka wa themanini na mbili. Kile cha kwenye simiti kina kovu lililokingama katikati.

Akakiingiza. Kikakaa.

Nekesa anasema babake hakuutoa mkono haraka. Alisimama hapo ameishika nguzo kama alivyoishika siku ile. Halafu akasema, "Fundi aliniambia haijashika." Akasema tena, "Ijumaa. Aliniambia haijashika."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote walio katika kipindi hiki, natoa pole kwa Mzee Wakoli. Pole, Nekesa. Pole kwa jamaa wote kule Bungoma. Pole kwa Mbuthia, ambaye tangu siku ile hamwachilii mtu kamera, na mikia ya filamu zake anaiosha tupu. Pole kwa Wakiuru, ambaye binti yake amempa jina la ukoo kama desturi inavyotaka, lakini kwa mapenzi anamwita Khalayi, mama mkwe apende asipende.

Na ninyi mlio majumbani, Dandora, Donholm, Komarock, kesho mkitoka hebu tazameni kile kitu kibovu mnachokipita kila siku. Mlingoti ulioinama. Mfereji usio na kifuniko. Kitazameni kama Khalayi alivyokuwa akitazama. Siku moja mtu mwenye mhuri ataandika kwamba kilikuwa kizima, na kwamba wewe ndiwe uliyeruka.

Nami nina swali moja kwa ile ofisi ya ngorofa ya tatu. Mzee Wakoli ameliuliza mara tatu tangu Alhamisi, na mara tatu ameambiwa arudi kesho. Faili lenu linasema ua ulikuwapo Jumanne, tarehe kumi na nne, na Khalayi akauruka. Nguzo ni ileile, haijang'olewa, nendeni mkaione. Sasa kidole gumba cha mjane, aliyefika pale Ijumaa, tarehe kumi na saba, kiliingiaje ndani ya simiti yake?